Kamera Ndogo ya Kuzamia: Tuanze na Kina, Bei Baadaye

Wenzangu wanaojifunza kuzamia huko Nungwi na Mkoani huniuliza wanunue kamera gani ndogo. Mimi huwauliza kwanza watashuka kina gani na wanataka kupiga picha za viumbe gani, kwa kuwa majibu ya maswali hayo mawili hupunguza orodha ya kamera hata kabla ya bei kutajwa.

Anayekwenda kuangalia matumbawe ya Chumbe, ambako wageni huogelea kwa miwani na neli bila kuruhusiwa kuzamia kwa mitungi, hana haja ya kasha, yaani sanduku lisilopitisha maji ambalo kamera hufungiwa ndani yake. Kamera kama OM System TG-7, iliyotoka mwaka 2023, inastahimili maji hadi mita 15 bila kifuniko chochote. Hata hivyo, mzamiaji mwenye cheti cha kwanza huruhusiwa kufika mita 18, na mwenye cheti kinachofuata hufika 30, ilhali kuta za matumbawe za Pemba zinateremka kwa kasi kiasi kwamba mtu anaweza kushuka zaidi ya alivyokusudia huku macho yake yakiwa kwenye samaki. Kila mita 10 za maji huongeza kanieneo inayokaribia kuwa sawa na ile ya hewa yote iliyo juu ya bahari. Ndiyo maana mimi hulihesabu kasha kuwa sehemu ya kamera yenyewe. Lile la plastiki ngumu lililotengenezwa kwa ajili ya TG-7 na mtangulizi wake TG-6 linafika mita 45, kina ambacho wengi wetu hatuna sababu ya kukifikia.

Jambo linalostahili fedha zaidi ni mwanga. Maji humeza rangi nyekundu kabla ya nyingine, hivyo ukifika mita 10 chewa mwekundu huonekana kama kipande cha jivu la kibuluu. Katika maji ya kina kifupi unaweza kuirekebisha kamera ipime upya weupe, au kuhifadhi picha katika faili ghafi (RAW) na kuzisahihisha kwenye kompyuta, lakini rangi ambayo haikuifikia lenzi haiwezi kurudishwa na programu yoyote. Flashi iliyomo ndani ya kamera nayo haisaidii sana, kwa kuwa imekaa karibu mno na lenzi na huangaza kila chembe iliyo mbele yake, hasa wakati wa bamvua mikondo inapovuruga mchanga. Picha hujaa madoa meupe. Flashi ya nje iliyofungwa kwenye mkono wa pembeni, ikiwashwa na ile ya ndani kupitia waya wa kupitisha mwanga, huangaza kwa ubavu na kuziacha chembe hizo gizani. Hata hiyo hufanya kazi vizuri pale tu unapomkaribia kiumbe kwa chini ya mita moja. Mwenye fedha za kamera ya kifahari bila flashi ningemshauri anunue kamera ya kawaida na flashi nzuri.

Wapo wanaopendelea Sony RX100, na wana hoja, kwani sensa yake, yaani kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ina eneo kama mara nne la ile ya TG-7 na picha zake huwa safi zaidi penye mwanga hafifu. Lakini haistahimili maji hata kidogo, kwa hiyo kasha likivuja kamera imekwenda. Tena kwa konokono wadogo wa bahari wasio na gamba, au kaa wanaojificha matumbaweni, TG-7 ina sifa ambayo RX100 haina bila lenzi ya ziada: inalenga kitu kilicho sentimita moja tu kutoka kwenye lenzi. Kwa kasa na pomboo wa Mnemba ningeongeza lenzi pana ya kufungwa nje ya kasha, ambayo huweza kuvuliwa na kurudishwa ukiwa bado majini.

Kasha lifungwe asubuhi ndani ya chumba chenye kiyoyozi, maana hewa nzito ya pwani ikifungiwa humo hugeuka ukungu kwenye kioo mara kasha linapopoa baharini. Pete ya mpira inayoziba kasha ikaguliwe kila mara, kwani unywele mmoja unatosha kuleta uvujaji. Visima vya vijiji vingi vya pwani vina maji ya chumvi, kwa hiyo mimi hubeba dumu la maji yasiyo na chumvi na ndoo, nikaliloweka kasha likiwa bado limefungwa na kubonyeza vitufe vyote humo majini kabla ya kulifungua.