Ninavyopima kotisoli kwenye mate ya nguruwe

Kumkamata nguruwe na kumchoma sindano kunatosha kupandisha kotisoli yake, yaani homoni ya msongo, na ukichelewa kutoa damu unaishia kupima usumbufu uliouleta wewe. Ndiyo maana natumia mate. Kotisoli ya kwenye mate ni ile isiyoshikamana na protini, ambayo ndiyo inayofanya kazi mwilini.

Ubora wa jibu huamuliwa bandani kabla ya maabara. Siku kadhaa mapema nawazoesha kutafuna pamba iliyofungwa kwenye kamba imara au kubanwa kwa koleo refu. Nguruwe ni mdadisi, akizoea huja mwenyewe. Siku ya kuchukua sampuli namwachia atafune sekunde 30 hadi 60, mpaka pamba ilowe kabisa. Pamba yenye unyevu kidogo tu haikamuliki. Kwa nusu saa kabla yake hapewi chakula. Sipaki asidi ya sitriki ili mate yatoke kwa wingi, kwa sababu huyazidishia mate uasidi (hushusha pH) na kuvuruga kipimo. Pamba ikitoka na rangi ya pinki naitupa: kotisoli ya damu ni nyingi kuliko ya mate, na fizi iliyochubuka huharibu sampuli nzima.

Saa nayo ni muhimu. Kotisoli huwa juu asubuhi na hushuka jioni, kwa hiyo wanyama unaowalinganisha wachukuliwe saa ileile. Nikifuatilia tukio, mfano kuchanganya makundi ya nguruwe, nachukua sampuli kabla, kisha dakika 20 hadi 30 baadaye, kisha baada ya saa moja.

Pamba huwekwa kwenye barafu, huzungushwa kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha kwa kasi ili kukamua mate, kwa 1,000 g (mara 1,000 ya nguvu ya mvutano wa dunia) dakika 10, na mate hugandishwa kwa nyuzi -20. Usiruke hatua inayofuata: yakishayeyuka, zungusha tena kwa 1,500 g dakika 15 na unyonye sehemu ya juu iliyo safi. Kugandisha huufanya ute ushikane na kuzama. Ukibaki, huziba pipeti, na visima viwili (vijishimo vya sahani ya kupimia) vya sampuli moja hutoa majibu yasiyofanana. Tofauti ikizidi asilimia 15, narudia.

Kiti (seti ya vifaa na kemikali za kupimia) iliyotengenezwa kwa ajili ya mate ya binadamu naijaribu kwanza: nazimua mate ya nguruwe mara mbili, mara nne na mara nane. Majibu yakizidishwa kwa kiwango cha uzimuaji yasipokaribiana, kiti hiyo haifai.

Kwa ng'ombe, pamba yenye rangi ya kijani ina cheuo, itupe. Kuku homoni yake kuu ni kotikosteroni, kwa hiyo kiti ya kotisoli haimfai.

Kotisoli hupanda pia kwa mbio na kwa kupanda jike. Pembeni ya kila namba naandika mnyama alikuwa akifanya nini: amelala, anapigana, anakula au anazungukazunguka.