Harufu ya pomboo haitoki kwa sabuni

Nimenawa mara nne na mikono bado inanuka. Leo tumempasua pomboo aliyekutwa amekufa ufukweni. Kwa nje ungesema amelala tu: ngozi inang'aa, hana hata mchubuko. Nikakata pafu. Ndani ya mirija ya hewa, minyoo myembamba kama uzi wa kushonea, imejisokota kwenye povu lenye damu. Mwanafunzi wangu akarudi nyuma hatua mbili (simlaumu). Nikamwambia asikimbilie kusema tumepata muuaji, maana pomboo wengi wanayo minyoo hii na wanaogelea zao. Tukachukua ubongo, ini, figo, kila kipande na chupa yake.

Watu huniuliza nahangaika nini na mizoga. Basi sikieni: huko California, fisi maji wa baharini wanauawa na toksoplasma, kimelea ambacho mayai yake hutoka kwenye kinyesi cha paka. Ndiyo, paka! Mvua inayasomba hadi baharini, konokono wanayabeba, fisi maji anakula konokono. Hayo yasingejulikana bila mtu kupasua mizoga na kuchungulia ubongo.

Na mafua ya ndege, yale ya H5N1, mwaka 2023 yaliua zaidi ya watoto 17,000 wa sili tembo (mamalia wakubwa wa baharini) kwenye rasi ya Valdés, Argentina. Karibu kizazi kizima cha msimu ule.

Sampuli zimeingia kwenye friza, majibu bado. Mwenye dawa ya harufu hii aniambie, ndimu nimeshajaribu.