Mkono wa kushoto, mkono wa kulia: nilivyojifunza kumbadilisha mwanangu pampasi njiani

Mwaka jana binti yangu aliharisha siku nne mfululizo. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu, ndiyo kwanza miguu imekolea kutembea. Simtafuti mchawi. Mikono yangu ndiyo iliyomlisha ule uchafu.

Siku mbili kabla hajaanza kuharisha tulikwenda Kariakoo kutafuta vitambaa vya sare, maana mdogo wangu alikuwa anaolewa. Saa saba mchana, tukiwa Mtaa wa Kongo katikati ya watu na mikokoteni, nikasikia harufu. Mwenye duka mmoja akanihurumia, akanipa nafasi nyuma ya meza yake. Nikatandika mtandio wangu sakafuni, nikamlaza mtoto, nikamfuta kwa tishu za majimaji, nikamvisha pampasi mpya, nikajipaka kitakasa mikono mpaka kwenye viwiko. Nikajiona mama makini. Hazikupita dakika kumi nikawa namlisha ndizi mbivu, nikimkatia vipande kwa vidole vilevile. Na ule mtandio niliokuwa nimemlazia nikajitupia tena begani, akalaza shavu lake hapo mpaka Mbagala.

Kwenye kituo cha afya walimpa ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki vya siku kumi. Muuguzi alikuwa mama wa makamo. Alinielekeza kuchanganya pakiti nzima kwenye lita moja ya maji safi, kisha akaniuliza kama siku zile tulitoka, na kama tulitoka, nilimbadilisha wapi. Nikamweleza yote.

"Na mikono ulinawa?"

"Nilipaka kitakasa, sista."

"Mikono iliyoshika kinyesi haitakati kwa kupaka. Uchafu uondoke kwanza kwa sabuni na maji yanayotiririka. Ukitaka kupaka, paka baadaye."

Nikajitetea kwamba matone ya chanjo ya rota alipata yote mawili, ya wiki ya 6 na ya wiki ya 10. Akasema nimefanya vizuri, chanjo ile inatolewa nchini tangu 2013 na inasaidia sana, ila inamkinga mtoto na kirusi kimoja tu, na kuhara kuna milango mingi. Nikajitetea tena na lile tulilokuzwa nalo, kwamba choo cha mtoto mdogo hakina neno. Hapo akaweka kalamu chini. Akaniambia kinyesi cha mtoto kina vijidudu kama cha mtu mzima, na tena mtoto wa umri ule ndiye anayeshika kila anachokiona kisha anatia mdomoni.

Wiki hiyohiyo mama yangu akaja kutoka Tanga kunisaidia kuuguza. Nilipomsimulia mambo ya Kariakoo aliuliza swali moja tu: "Ulimtawaza kwa mkono upi?"

Sikuwa na jibu. Nyumbani namtawaza kama nilivyotawazwa mimi: mkono wa kulia umeshika kopo la maji, wa kushoto ndio unaosafisha, na wa kushoto haugusi kingine chochote mpaka umenawishwa. Hakuna mtoto wa Pwani asiyefundishwa hivyo. Lakini nje hakuna kopo, basi na mimi nikawa naiacha ile adabu nyumbani pamoja na kopo lake. Nikishika tishu, natumia mikono yote miwili. Mkono uliofuta ndio unaofungua mkoba, ndio unaotoa pampasi mpya, ndio unaoshika zipu, simu na chuchu ya chupa ya mtoto. Mama alinifanya nirudie mbele yake, na mwanasesere amelazwa mkekani, akawa ananionyesha kila kitu nilichogusa. Vilifika kumi na moja.

Kuanzia hapo nikaanza kujipanga upya. Sikununua mengi. Kilichobadilika zaidi ni utaratibu.

Kwanza maji. Nilichukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikatoboa kifuniko chake kwa msumari uliopashwa moto, matundu matatu. Ukiiinamisha na kuiminya inatoa maji membamba ya kutosha kumtawaza mtoto na kunawa, bila kumwagika ovyo. Ni kibuyu chirizi, kile chombo cha kunawia kinachochirizisha maji kidogokidogo, ila hiki ni cha kubebea begani. Wakati wa kusafiri natia kifuniko kizima, kile chenye matundu kinakaa mfukoni. Sabuni ni kipande cha sabuni ya mche ndani ya soksi ya mtoto, nimeining'iniza kwenye mkanda wa begi kwa nje, ili nisilazimike kufungua begi kwa mkono mchafu kuitafuta. Unalowesha soksi, unaisugua, povu linatoka. Jioni naisuuza na kuianika.

Cha kutandika ni ule mpira wanaotuagiza wajawazito twende nao siku ya kujifungua, unaouzwa kwa mita. Wangu ulikuwa umebaki kabatini. Nilikata kipande cha kumtosha, nikashona uzi mwekundu kwenye pembe moja ya upande wa mtoto. Bila alama utakosea, maana pande zote zinafanana, na upande uliolala sakafuni mwa choo leo utakuwa chini ya mgongo wa mtoto kesho. Nikimaliza naukunja upande wa uzi ukiwa ndani, na nyumbani unaoshwa kwa sabuni na kuanikwa juani. Mtandio sitandiki tena. Nguo ninayoswalia haiwezi kuwa ndiyo ninayofutia najisi, na hilo nilipaswa kulijua bila kuambiwa na mtu.

Tishu za majimaji bado nabeba chache, lakini kazi kubwa inafanywa na vipande vya kanga kuukuu, laini, nilivyovikata ukubwa wa kiganja. Kipande kimoja, mfuto mmoja, kutoka mbele kwenda nyuma, kwa kuwa ni mtoto wa kike na uchafu wa nyuma ukiletwa mbele unampa maradhi ya mkojo. Baada ya maji namkausha kwa kipande kikavu, kwa kukandamiza bila kusugua, hasa kwenye mikunjo ya mapaja. Joto la Dar es Salaam na ngozi mbichi ndani ya pampasi ni upele wa siku mbili. Poda niliacha. Ikichanganyika na jasho inaganda kwenye mikunjo, na vumbi lake mtoto analivuta puani.

Lakini siri yenyewe iko kwenye kutangulia. Kabla sijaigusa pampasi chafu, kila nitakachohitaji kiwe wazi na mkono wa kulia uwe unaweza kukifikia: pampasi mpya imekunjuliwa, vipande vimeshaloweshwa, kopo la taka limefunguliwa, chupa imeshavalishwa kifuniko chenye matundu. Ikishafunguliwa ile chafu, wa kushoto ni wa uchafu na wa kulia ni wa usafi mpaka nitakaponawa. Mwanzoni nilikuwa nasahau, basi nikawa navaa bangili ya plastiki mkono wa kushoto kabla ya kuanza, na siivui mpaka maji na sabuni vimepita. Sasa sihitaji bangili.

Mtoto anayetembea si sawa na kichanga. Kichanga ukimlaza analala, huyu wangu ukimlaza anajipindua kama samaki na kuingiza mkono palepale pasipotakiwa. Nilipambana naye miezi miwili kabla sijakubali kumbadilisha akiwa amesimama. Nachuchumaa, ananishika mabega, na mabega yangu ni bora mara elfu kuliko ukuta wa choo. Kwa safari natumia pampasi za kuvaa kama chupi. Ikiwa na haja kubwa siishushi miguuni, kwa sababu ukiishusha unapaka uchafu mpaka visiginoni. Naichana mishono ya ubavuni, kushoto na kulia, naikunja kuelekea nyuma na kuitoa yote. Nikimaliza kunawa, namnawisha na yeye. Mikono yake ndiyo inayokwenda mdomoni kabla ya yangu.

Choo cha stendi ya Magufuli, Mbezi, kilinifundisha kuhusu taka. Nilikuwa nimezoea kuifunga pampasi na kuitupa nilipo, kama kuna pipa penye pipa, kama hakuna basi kwenye tundu. Siku hiyo nimelipa shilingi zangu mlangoni, mama anayesafisha akaliona furushi mkononi mwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo usinitilie humo. Inavimba kwa maji, choo kinaziba, na anayeingiza mkono kuitoa ni mimi."

Niliona aibu hasa. Akanipa ndoo ya maji bila mimi kuomba. Tangu siku hiyo kilicho ndani ya pampasi nakimwaga chooni kwanza, naflashi au naporomosha maji, kisha naiviringisha ile iliyobaki na kuifunga. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na mimi naunga mkono katazo lile, ila lilituacha kina mama tukitafuta pa kuweka mzigo huu. Mimi natumia karatasi za mkate nilizotunza, kisha furushi linaingia kwenye kopo la siagi lenye mfuniko unaobana. Halitoi harufu. Linarudi nami nyumbani, hata kama ni safari ya saa sita. Wanaofukia pampasi kwenye mchanga wa Coco Beach siku za Jumapili wananiuma roho, kwa sababu watoto wao wenyewe wanarudi kuchimba mchanga uleule.

Kwenye daladala sibadilishi, hakuna nafasi ya kufanya kwa usafi na abiria wana haki yao. Naangalia saa tu. Mtoto wangu hupata choo kama nusu saa baada ya uji, hivyo uji unanyweka mapema, tunasubiri, anasafishwa, ndipo tunatoka. Kwa mkojo simwachi kupita muda wa saa tatu.

Harusi ilikuwa Tanga. Kulikuwa na mikeka imetandikwa uani, masinia ya pilau yanapita, na shangazi mmoja akamlaza mjukuu wake ukingoni mwa mkeka tuliokuwa tumekalia na kuanza kumfungua. Mimi wakati huohuo nilikuwa nainuka na begi langu, binti yangu kachafuka, naelekea nyuma kwenye bafu. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Mambo ya Dar hayo, hata mtoto wake anaona haya." Yalinichoma, kwa kuwa ni nyumbani kwetu, na waliokuwa wanacheka ni watu ninaowaamkia kwa heshima. Nilitaka kujibu, nikameza.

Aliyejibu ni bibi mmoja wa upande wa bwana harusi. Alisema, "Mwacheni. Mkeka wa chakula tangu lini ukatawaziwa mtoto? Hilo ndilo geni." Kimya kikapita. Yule shangazi akamfunika mjukuu wake, akanifuata bafuni. Nilimtilia maji nikamtandikia mpira wangu, na alipomaliza nikamshikia chupa anawe. Akaisifu soksi ya sabuni kuliko vyote.

Tulirudi Dar siku ya tatu. Baada ya Mkata basi likasimama tuchimbe dawa, dakika tano kwa mujibu wa konda, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Nilikuwa namsimamisha binti yangu nyuma ya kichaka, mpira chini ya miguu yake, nilipomwona dada mmoja mdogo, pengine miaka ishirini, ameduwaa na mtoto mikononi, kanga imelowa mpaka kiunoni. Hana maji na tishu zimemwishia.

"Dada, njoo huku," nikamwita.

Nikamaliza wangu, nikaupangusa mpira upande wa uzi kwa sabuni na maji, nikamwekea. Nilimmiminia maji kwa mkono wa kulia yeye akisafisha kwa wa kushoto, na sikumweleza lolote kwa sababu alikuwa anajua. Mtoto wake ni wa kiume, mnene, alikuwa anacheka muda wote. Chupa ilibaki na maji ya kunawa watu wawili tu, na tulikuwa wanne. Tukawanawisha watoto kwanza, kisha sisi tukanawa kwa yaliyobaki, mikono yetu ikiwa imeshikana chini ya matundu yale matatu. Konda akaanza kupiga ubavu wa basi. Nikakata kipande cha sabuni nusu kwa uzi, nikampa, tukakimbia.