Jinsi Ninavyolisha Familia kwa Kiporo Salama Mjini Kigoma

Kazi yangu ni uwakala wa forodha katika Bandari ya Kigoma, na kwa asiyeifahamu kazi hiyo inatosha kusema kwamba haina saa maalumu. Meli ya Kalemie au ya Bujumbura ikipakia mzigo usiku, nyaraka zake hushughulikiwa usiku huohuo, na mteja hajali kama wakala amekula au hajala. Nyumbani, eneo la Mwanga, naishi na mama yangu mzazi, wanangu wawili wanaosoma shule ya msingi na mpwa wangu wa kike aliye kidato cha tatu. Mke wangu yuko masomoni Dodoma, kwa hiyo jiko limebaki mikononi mwangu. Kwa muda tuliishi kwa chipsi mayai na chakula cha mama lishe, mpaka daktari alipomwambia mama apunguze chumvi na mafuta ili shinikizo lake la damu litulie. Chumvi ya chakula cha kununua hupimiwa na mwingine. Ikanilazimu kutafuta namna ya kuwapikia watu watano chakula cha nyumbani ilhali mwenyewe sishindi nyumbani.

Namna niliyoipata ni kupika kwa wingi Jumapili na Jumatano jioni, kisha siku nyingine kupasha tu, isipokuwa Jumamosi, ambapo hupika kitu kipya kwa sababu sipendi mboga ikae kwenye friji zaidi ya siku tatu. Maana yake ni kwamba familia yangu hula kiporo karibu kila siku. Najua wapo wanaokunja uso wakisikia hivyo, lakini kiporo kinaonewa. Kinachodhuru ni saa ambazo chakula kimekaa katika uvuguvugu, si kule kupikwa jana. Vimelea wengi wa maradhi huzaliana katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na wapo bakteria ambao wakipata chakula na joto linalowafaa huongezeka maradufu kwa muda wa dakika 20 hivi. Kwa hiyo maharage yaliyoiva Jumapili na kuingia kwenye friji mapema ni salama zaidi siku ya Jumanne kuliko wali uliopikwa leo saa sita mchana, ukafunikwa kawa mezani na kuliwa saa mbili usiku. Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake tano za usalama wa chakula zilizotolewa mwaka 2001, linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida la chumba zaidi ya saa mbili. Kwa joto la mwambao wa Ziwa Tanganyika mimi nahesabu saa hizo tangu sufuria inapoepuliwa, na sijipi nyongeza.

Mtu wa kwanza kunipinga alikuwa mama. "Mwanangu," alisema, "kiporo cha wali na chai ya rangi ndicho tulichokulia, na tuko hapa." Nusu ya maneno yake ni kweli, kwa sababu bibi zetu hawakuacha mchuzi ulale hivihivi, waliuchemsha kabla ya kulala na kuuchemsha tena alfajiri ili usichache, na kuchemsha huko kuliwaua vimelea wengi. Wali, hata hivyo, una shida yake ya peke yake. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye vijimbegu vyake hustahimili maji yanayochemka. Wali ukiachwa vuguvugu usiku kucha vijimbegu hivyo huamka, bakteria huzaliana, na wapo wanaotoa sumu ya kutapisha ambayo haivunjwi kwa kupasha. Nilimweleza mama hivyo kwa utaratibu, naye akanijibu kwamba hataki kupoteza chakula, hoja ambayo sikuweza kuipinga. Tukakubaliana kwamba wali upikwe wa kutosha mlo mmoja, na ukibaki, mpwa wangu autandaze kwenye sinia ili upoe haraka, kisha auingize kwenye friji kabla taarifa ya habari ya saa mbili haijaisha. Kwa chai ya asubuhi sasa tunachemsha viazi vitamu, mihogo au magimbi, ambavyo kwa mgonjwa wa shinikizo la damu ni bora kuliko maandazi.

Kupoza ndiyo kazi inayodharauliwa kuliko zote jikoni, nami huipa muda mwingi kuliko kukaanga. Sufuria kubwa ya maharage ikifunikwa na kuachwa juu ya meza huweza kubaki vuguvugu katikati mpaka usiku wa manane, na ikiingizwa ya moto kwenye friji ndogo kama yetu hupandisha joto la maziwa na nyama vilivyotangulia humo. Ninachofanya ni kugawa maharage kwenye bakuli pana, kina chake kisizidi vidole vitatu, na kuzipanga ndani ya beseni la kufulia (tunalo moja la jikoni, halifuliwi nguo) lenye maji baridi na chupa mbili za maji yaliyoganda. Maji yasifike kwenye midomo ya bakuli. Nakoroga kwa mwiko safi kila baada ya dakika chache, na maji ya beseni yakipata moto nayamwaga na kuweka mengine. Baada ya kama nusu saa nainua bakuli, nafuta maji, na kugusisha kitako chake upande wa ndani wa kifundo cha mkono; nisipohisi joto, nafunika na kuingiza kwenye friji. Nyama mbichi na samaki hukaa rafu ya chini kabisa, kwenye chombo chenye kingo, ili maji yake yasidondokee kilichoiva.

Friji lenyewe haliaminiki bila kupimwa. Nilinunua kipimajoto kidogo cha kutundika, nikarekebisha friji mpaka kikasoma nyuzi 4. Umeme ukikatika, sheria ya nyumba ni moja: mlango haufunguliwi. Friji lililofungwa huhifadhi ubaridi wake kwa takriban saa nne, na friza iliyojaa vizuri huweza kufikisha saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Ndiyo sababu nafasi tupu ya friza naijaza chupa za maji. Kuna hila nyingine ambayo nawashauri wanaosafiri au kushinda kazini. Gandisha maji ndani ya kikombe, weka sarafu ya shilingi mia juu ya barafu, kisha kiache kikombe ndani ya friza. Ukirudi ukikuta sarafu imezama chini na maji yameganda tena juu yake, basi umeme ulikatika muda mrefu wakati hupo, vyakula viliyeyuka na kuganda upya, na nyama iliyomo humo si ya kuliwa hata kama inaonekana ngumu na nzuri.

Upande wa manunuzi, anayeishi Kigoma hawezi kupanga jiko bila kuutazama mwezi. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na taa zao, na mbalamwezi ikikolea wengi hupumzika, kwa hiyo dagaa wabichi hujaa mwaloni, yaani mahali boti za uvuvi zinaposhusha samaki, pale Kibirizi na Katonga siku za giza, kisha huadimika. Mimi hununua wakavu siku za giza, wa kutosha mpaka giza linalofuata. Yule mama ninayenunua kwake alinifundisha kutouliza bei kwanza. "Baba, shika kwanza, vunja," huniambia, nami nashika dagaa mmoja na kumvunja: aliyekauka vizuri hukatika kwa mlio, na ngozi yake bado inang'aa rangi ya fedha, aliyepinda bila kukatika ana unyevu na ataota ukungu ndani ya ndoo. Jambo la pili ni mahali alipokaushwa. Dagaa wa kuanikwa mchangani huja na mchanga, na wakati mwingine na kinyesi cha kuku na mbuzi waliopita hapo, ilhali wa kwenye vichanja, yaani zile meza za wavu zilizoinuliwa kutoka ardhini, hupata upepo juu na chini na hukauka haraka. Bei yao huzidi kidogo, nami hulipa bila kinyongo. Nyumbani nawachambua, nawaosha kwa maji ya vuguvugu mara kadhaa, kisha nawachemsha na nyanya, kitunguu, tangawizi na ndimu. Kwa kuwa dagaa wakavu wa hapa kwa kawaida hukaushwa kwa jua tu bila chumvi, ni mboga inayomfaa sana mama. Nyongeza ya chumvi naiweka mwenyewe, nikikumbuka kwamba mtu mzima anashauriwa asifikishe gramu 5 kwa siku, ambayo ni chini ya kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyake vyote. Watoto walinung'unika mwanzoni. Ndimu na pilipili vikafanya kazi yake.

Mawese hayakuondoka mezani, ingawa jirani mmoja alinishauri niyaache kabisa. Karibu nusu ya mafuta yaliyomo ni ya aina inayopandisha lehemu (kolesteroli) mwilini, hilo sibishani nalo, lakini rangi yake nyekundu hutokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na watoto wanaihitaji. Nilichobadilisha ni kipimo na namna. Zamani tulimimina kutoka kwenye chupa, sasa napima kijiko kimoja cha chakula kwa kila mlaji, na hatuyachomi tena mpaka yageuke meupe, maana weupe ule ni dalili ya karotini kuungua na kutoweka. Yanaingia kwenye sombe ikikaribia kuiva. Sombe yenyewe hatuiharakishi: majani ya muhogo yana sianidi, ambayo hupungua kwa kutwangwa vizuri na kuchemshwa muda mrefu bila mfuniko, na anayetaka mboga ya dakika kumi apike lengalenga au matembele.

Maharage ya Kasulu ndiyo nguzo ya wiki. Nayaloweka usiku, namwaga maji ya kulowekea, kisha yanaingia kwenye jiko la presha la umeme, ambalo limeniokolea mkaa na macho ya mama yaliyokuwa yakiwashwa na moshi. Wanaobana mkaa kwa kuyaivishia ndani ya kikapu cha joto, kile chenye kuta nene za kuhifadhi moto, wahakikishe kwanza yamechemka kwa nguvu si chini ya dakika 10, kwa kuwa maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko kamili na si na uvuguvugu wa muda mrefu. Yalitusaidia hasa mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane. Tulikula maharage, mayai na dagaa wa akiba mpaka mwalo ukachangamka tena. Kwenye maharage huongeza karanga za kusaga, lakini nanunua karanga nzima na kuzisaga mwenyewe, maana unga wa karanga wa sokoni hauonyeshi kama ndani yake zilikuwamo zilizosinyaa au zenye ukungu. Sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu huo, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi, haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha, hivyo kinga iliyopo jikoni ni kuchambua na kutupa.

Habari ya kunawa mikono na kuchemsha maji sitaieleza sana, kwa sababu mkoa huu ulishafundishwa kwa uchungu. Mwezi Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipokuwa wamefurika Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya ziwa, kipindupindu kiliua watu, na tangu hapo hata watoto wangu hawagusi kachumbari ambayo haikuoshwa kwa maji safi na salama. Ubao wa kukatia nyama ni mmoja na wa mboga ni mwingine, basi.

Mchana mama ndiye anayepasha. Anachota kiasi kitakacholiwa tu, anakirudisha motoni mpaka kichemke na kutoa mvuke katikati, si pembeni peke yake, na kikibaki baada ya hapo hakirudi kwenye friji. Mimi nikijua nitalala bandarini, natumia hotpoti. Namimina humo maji yanayochemka, nafunga kwa dakika kama kumi, nayamwaga, na papo hapo napakua chakula kikiwa bado kinatokota, nikijaza mpaka juu kwa sababu hotpoti yenye nafasi tupu hupoa upesi. Nikipakua saa kumi na mbili jioni, nahakikisha nimekula kabla ya saa nne usiku, meli iwe imefika au haijafika. Ikichelewa kupita hapo, begani nina mfuko wenye ndizi mbivu, karanga zilizokaangwa nyumbani na chupa ya maji yaliyochemshwa, vitu ambavyo havidai friji wala moto.