Udongo wa Bahi umenitoa ushamba

Safari hii nikasema siendi Dodoma kula zabibu tu, naenda kutafuta udongo. Nikapanda SGR asubuhi, begi limejaa vikopo vya glezi, ule uji unaopaka chungu halafu tanuru linaugeuza kioo, na kwenye udongo wangu wa Kisarawe hazijawahi kuniangusha hata siku moja. Dodoma nikaunga na Coaster ya Bahi, barabara ya Singida, mbuyu, mbuzi, mbuyu tena, nikashuka nikala perege na ndimu (hiyo ndimu ikumbukeni) ndo nikaenda kwa bibi mfinyanzi niliyeelekezwa.

Nikamwamkia "mbukwenyi" yangu ya kuungaunga, akacheka weee, akanijibu kwa Kiswahili. Udongo wake unatoka ukingoni mwa kinamasi, unanata balaa, unaupinda haukatiki. Yeye anasugua chungu kwa kokoto laini mpaka king'ae, anakichoma nje kwa kuni na mavi ya ng'ombe, basi. Mimi mjuaji nikamwambia bibi huu moto mdogo, ngoja nikauchome kitaalamu. Akasema haya mjukuu.

Nikabeba nusu debe mpaka mjini kwa mshkaji mwenye tanuru la umeme, nikatengeneza vigae 20 vya majaribio. Upepo wa Dodoma ukavikausha haraka mno, viwili vikapasuka, vingine vikaota ukungu mweupe kwenye kingo, udongo wa kule una chumvi. Choma ya kwanza digrii 1000, ya glezi 1060. Ya kijani ikajikunja ikaacha mabaka kama ngozi yenye mba, nyeupe ikajaa nyufa za unywele, ila ile ya kahawia jamani, kama asali! Nikapiga picha, nikatamba, nikafungasha nikarudi Dar.

Usiku wa pili nyumbani nasikia mezani tik. Nikadhani mjusi. Tik tena. Asubuhi vigae vyangu vya asali vina mashimo, kila shimo katikati lina kadoa keupe. Kumbe udongo ule una vijiwe vya chokaa, ukivichoma moto mkali vinakuwa chokaa hai, halafu vikinyonya unyevu vinavimba na kurusha kila kilicho juu yake. Dodoma hewa kavu vilitulia, vimefika huku kwenye unyevu wa pwani vikaamka. Ule moto mdogo wa bibi niliouponda haufiki huko, chokaa inabaki jiwe tu, vyungu vyake viko salama miaka. Na tone moja la ndimu kwenye udongo mkavu lingetoa povu nikajua mapema, mimi nikaimalizia kwenye samaki!

Nikampigia kupitia simu ya mjukuu wake. Akauliza, "Mawe uliyatoa?" Kimya. Nikamsikia anacheka na watu huko nyuma.

Nimeshanunua chujio la nyavu laini, mwezi ujao narudi.