Jasho langu, chupa yangu

Kaskazi imeshika. Alfajiri ya leo tulitoka mbio Bububu kuelekea Mahonda, hapa Unguja, jua halijachomoza, na mtandio wangu ulikuwa chepechepe hata nusu saa haijatimia. Msimu huu hewa ina unyevu mwingi, jasho halikauki, linadondoka tu. Na jasho linalopoza mwili ni lile linalokauka juu ya ngozi. Likishindwa kukauka, mwili unazidi kulitoa, na chumvi inakwenda nalo.

Niliporudi nikapanda mizani: kilo moja na nusu pungufu, na njiani nimekunywa nusu lita. Kwa hiyo nimetoa jasho la kama lita mbili. Shoga yangu, tuliyekwenda bega kwa bega, mwendo mmoja, hakupungua hata kilo.

Kila anayeanza mbio ndefu huuliza anywe kiasi gani, na wengi hujibiwa kiasi cha mtu mwingine. Kila mtu ana jasho lake. Jipime kabla na baada ya mbio, nguo zilizolowa umezivua, kisha ongeza ulichokunywa. Kilo moja ni takriban lita moja. Wala si lazima ulirudishe lote njiani. Upungufu wa hadi kama asilimia 2 ya uzito, watu wengi huuhimili.

Kinachonitia hofu ni kuzidisha maji, maana kila mwenye huruma pembeni mwa barabara hukwambia, "Kunywa, mwanangu, kunywa." Katika Boston Marathon ya mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu walipomaliza. Asilimia 13 yao sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, ilikuwa imeshuka chini ya kiwango salama, na waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliomaliza wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Sodiamu ikishuka sana ubongo huvimba, na mtu anaweza kufa.

Basi dafu je? Nalipenda, na urambirambi wake naukwangua mpaka kifuu kibaki kitupu. Lakini dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, nasi jasho linatunyang'anya sodiamu hasa. Nalinywa nikisharudi, pamoja na chakula chenye chumvi. Chupa ya njiani naitengeneza usiku: lita moja ya maji, sukari vijiko vikubwa vitano, chumvi robo kijiko cha chai, na ndimu. Sukari ina kazi yake hapo: glukosi iliyomo kwenye sukari na sodiamu huingia pamoja kwenye ukuta wa utumbo, na maji huvifuata. Ndivyo yanavyofanya kazi yale maji ya chumvi na sukari tuliyonyweshwa utotoni tukiharisha, ila ya mbio yana sukari zaidi kwa sababu misuli nayo inadai.

Akiba ya wanga iliyomo mwilini (na sukari nayo ni wanga), kwa mwendo mkali, hutosha kama saa moja na nusu hadi mbili. Ukingoja mpaka miguu iwe mizito umeshachelewa. Mimi huanza kula mapema, na nalenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, chupa ikiwemo. Tende ndiyo kipenzi changu: ndogo moja ina sukari kama gramu sita, glukosi na fruktosi karibu nusu kwa nusu, na sukari hizo mbili hupita milango tofauti ya utumbo, hazisongamani. Natoa kokwa nyumbani, naipasua vipande viwili, nakitafuna kimoja pole pole na funda la maji. Haluwa tumeiacha, samli yake inakaa tumboni.

Septemba 2025 Alphonce Simbu alipoipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya Mashindano ya Dunia ya Riadha, kwenye marathoni huko Tokyo, katika joto na unyevu, alimpita Mjerumani Amanal Petros mstarini, wote wakiandikiwa saa 2:09:48. Nililia kwa furaha. Katika mbio za ngazi hiyo kila mkimbiaji huwekewa mezani chupa yake mwenyewe. Sisi wa Bububu tunaweza kufanya hivyo hivyo, maana vyote vimo jikoni.

Shoga yangu tende zinamkataa akishachoka. Jumapili atajaribu asali ndani ya chupa, kidogo kwanza, na ndizi mbivu kabla hatujatoka. Mimi naongeza nusu lita.