Kwa hiyo walishamwona

Kuna sentensi ya Mama imenikaa kifuani tangu Jumapili na haitaki kushuka. Nasahihisha madaftari, ipo. Napika, ipo. Acha niiandike hapa labda itapungua uzito.

Send-off ya mdogo wangu ilikwenda salama Jumamosi, mvua ilituhurumia, picha nitaweka. Jumapili tukabaki wa nyumbani tu, miguu imevimba, na mpwa wangu wa chuo akachomeka flashi kwenye runinga. Anasomea uandishi wa habari, na mhadhiri amewapa kazi ya kuchambua filamu ya Barbet Schroeder ya mwaka 1974 juu ya Idi Amin. Si ya kuigiza. Ni Amin mwenyewe, anahojiwa, anaongea, anajibu anavyotaka. Anapiga kodiani. Anapanda boti kwenye Nile akiwaonyesha wageni tembo na mamba. Anapanga askari wake na vifaru kilimani kuonyesha jinsi atakavyoiteka Golan, milima iliyokuwa mikononi mwa Israeli. Kwenye bwawa la kuogelea anashindana na wenzake, anawakatiza njia, anafika wa kwanza.

Vijana walicheka sana. Na kweli mtu yule ana mvuto, unajikuta umeshatabasamu kabla hujakumbuka unamtazama nani.

Baba Mkubwa hakucheka wala hakununa. Alisogeza kiti mpaka magoti yakakaribia kugusa meza ya runinga. Mliosoma ile habari ya koti lake la mgambo mnajua kwamba mwaka 1978 alikwenda vitani kupigana na majeshi ya Amin. Alichosema ni kimoja tu: "Kinanda anakijua." Kaka yangu ndiye aliyechemka. Alitaka kijana azime, akasema mtu kama yule hakustahili hata dakika moja ya kamera, kumkalisha na kumuuliza maswali kwa upole ni kumpamba. Mwanawe akamjibu kwa heshima lakini bila kurudi nyuma: "Baba, bila hii picha mtu angeniambia Amin alikuwa hivi, mwingine vile, nami ningeamini yeyote."

Nilisimama na kijana, na bado nimesimama naye. Ukimbana mtu wa namna ile kwa maswali makali anajifunga. Schroeder alimwacha aongee, na mtu anayeamini anasifiwa huvua kila kitu. Amin mwenyewe aliligundua hilo, ila amechelewa. Aliposikia kilichomo kwenye filamu iliyokuwa ikionyeshwa Ufaransa, aliwakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda, akawazungushia askari hotelini mpaka Schroeder akakubali kukata vipande vya kama dakika mbili na nusu. Vikarudishwa alipoanguka. Filamu ya kumpamba haimfanyi mtu ashike mateka.

Haya nilikuwa nayaeleza kwa sauti kubwa nilipoona Mama hayupo. Nikamfuata jikoni. Alikuwa anafuta sinia ambalo lilishakauka.

"Huyo Mzungu alimuuliza habari za ng'ombe wetu?"

"Mama, filamu ni ya 1974. Vita ilikuwa bado."

Akaligeuza sinia, akafuta na upande wa pili.

"Kwa hiyo walishamwona."

"Nani, Mama?"

"Wote waliomtazama." Kisha akaniambia nipeleke vikombe.

Basi. Hakupandisha sauti. Na mimi tangu hapo najibu kichwani, kila siku jibu jipya. Namwambia: Mama, kuona si kuwa na uwezo. Namwambia: Mwalimu Nyerere alimwona tangu siku ya kwanza, mwaka 1971, akakataa kumtambua na akampa hifadhi Obote, rais aliyepinduliwa na Amin. Halafu nakumbuka mwaka 1975, filamu imeshaonyeshwa, wakuu wa Afrika walikwenda Kampala kwa mkutano wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na Amin akawa mwenyekiti wao. Tanzania haikwenda. Wengi walikwenda. Hapo jibu langu linakatika, nabaki na ng'ombe wa babu yangu ng'ambo ya Mto Kagera, waliokuwa bado na miaka zaidi ya mitatu ya kula majani kwa amani.

Niliporudi sebuleni walikuwa wamefika kwenye kikao cha mawaziri. Amin anaongea, anawakaripia, na mawaziri wameinamisha vichwa wanaandika. Wanaandika tu, hakuna anayemtazama usoni. Anamgusia waziri wake wa mambo ya nje, na msimulizi anasema wiki mbili baadaye mwili wake ulikutwa kwenye Nile. Hata wale wadogo walinyamaza. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake cha jikoni, na sijui ni kitu gani kilichomfungua, akaanza kusimulia.

Mama! Ambaye tukimuuliza habari za vita anatuuliza kama tumekula!

Alikuwa darasa la sita. Bibi alizika masufuria kwenye shamba la migomba usiku, akiamini watarudi baada ya siku chache. Mama akambeba Mjomba mgongoni, wakavuka daraja la Kyaka katikati ya umati, kabla halijavunjwa. Ng'ombe wakabaki zizini. Waliporudi mwaka 1979 nyumba haikuwa na bati hata moja, lakini Bibi alikwenda moja kwa moja migombani, akachimba, akakuta kila kitu, na kabla ya kulia akahesabu mifuniko. Mama alicheka mpaka akakaa chini akionyesha Bibi alivyohesabu.

Baba Mkubwa akageuka kutoka kwenye runinga. "Shemeji, tulipita kwenu. Barabara ile ya Mutukula. Ng'ombe hatukukuta hata mmoja."

"Mlipita kwetu?"

"Tulipita."

Miaka yote hii ya ushemeji, harusi na misiba, hawakuwahi kuambiana. Waliongea mpaka giza likaingia, jina la kijiji baada ya kijiji, na mpwa wangu akazima runinga mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Filamu hawajaimaliza. Nilifurahi jioni ile kuliko nilivyofurahi kwenye send-off, na mdogo wangu anisamehe.

Lakini kuna jambo jingine, na wa nyumbani mnaosoma hapa naomba mnisaidie. Baba Mkubwa alipokuwa anaondoka aliniuliza kama geti limefungwa, na geti lilikuwa wazi, mbele yake kabisa. Nimeshaona lile wingu jeupe kwenye jicho la kulia. Nilipomtajia hospitali alisema macho yake ni mazima, kisha akapanda pikipiki yake akaelekea barabara kuu jioni ile ile, taa moja haiwaki. Kaka anasema nimwachie yeye, ataongea naye Krismasi. Krismasi ni mbali. Ni nani anayeweza kumnyang'anya ufunguo kabla ya hapo?